Herufi Iliyofumuliwa

Bajo Flores, Buenos Aires
14 Oktoba 2018

Mama mpendwa,

Kwanza naomba baraka yako, na ya baba pia, mikono nikiwa nimeikunja kifuani kama ulivyotufundisha. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Goti lako vipi? Na kifua cha baba? Dada Felicita aliniambia baba amekatazwa kubeba magunia ya ufuta lakini mkigeuka tu anabeba. Mimi ni mzima, ila vidole vimechubuka kidogo. Kiwandani wametuletea cherehani mpya ya ovaloki na haina adabu hata kidogo.

Najua simu huitaki. Unasema maneno ya simu yanaondoka kabla hujayaelewa, na barua mtu anaweza kuirudia. Basi naandika, na naomba hii uirudie.

Nimeanza kumalizia sekondari. Ni shule ya watu wazima, jioni, katika ukumbi ulio juu ya duka la mkate, kwa hiyo tunasoma historia huku tunanusa mkate na njaa inatuua. Siku ya kwanza mwalimu alimwuliza kila mtu angependa aitweje. Jirani yangu, mama wa miaka sitini anayeuza maua, akasema: "Mimi niite bibi, nimefanya kazi sana kuupata huu ubibi." Tulicheka wote. Ilipofika zamu yangu nikasema Cruz tu. Bila María.

Mama, hapa shuleni wako watu wanaosema kwa namna nyingine. Unajua Kihispania kilivyo mwishoni mwa maneno: ukichoka lazima uchoke kwa o kama mwanamume au kwa a kama mwanamke, na mwanafunzi hivyo hivyo, na rafiki, na jirani. Wao wameweka e, kwa mtu ambaye o haimkai wala a haimkai. Mara ya kwanza kuisikia nilicheka, nikadhani ni mizaha ya wanachuo. Mara ya pili mwalimu alikuwa ananisema mimi, kwa e, nami nikasikia kitu kifuani kimerudi mahali pake, kama bega lililoteguka likirudishwa.

Mimi si mwanamume, mama, usiogope. Lakini hata mwanamke sijawahi kuwa. Nilikuwa nalivaa neno hilo kama sare ya shule, nikingoja kengele ilie nilivue.

Nisalimie baba. Mwambie aache magunia.

Hije wako (ndivyo linavyoandikwa, kwa e),
Cruz


Yuty, Paraguay
25 Novemba 2018

Binti yangu María Cruz,

Mungu akubariki na Bikira akufunike kwa nguo yake. Sisi hatujambo. Goti liko vilevile, linajua mvua kabla ya redio. Baba yako anabeba magunia. Ng'ombe mwekundu amezaa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Neno lile uliloweka mwishoni halipo. «Hijo» ni kwa o, mtoto wa kiume. «Hija» ni kwa a, wa kike, ndiye wewe. Nililisahihisha, kisha nikaona aibu, maana barua ya mtu haisahihishwi.

Nitakuambia jambo ambalo sijapata kuwaambia. Nilipoanza shule nilikuwa na miaka saba, sijui Kihispania hata cha kuombea maji. Nyumbani kwetu kilikuwa Kiguarani kitupu. Siku moja nikaitaja meza kana kwamba ni mwanamume. Mwalimu akaniuliza: "Eusebia, meza ni mwanamume?" Nikamjibu kwa Kiguarani kwamba meza ni meza. Watoto wakacheka. Alinipigisha magoti juu ya punje za mahindi mara mbili, mara moja kwa ajili ya meza, mara moja kwa ajili ya Kiguarani. Hilo goti unaloniulizia kila barua ndilo hilo.

Hizo o na a nimezipata kwa magoti yangu, María Cruz. Nikawafundisha wewe na dada yako hapa jikoni kabla hamjaingia darasani, ili asije mtu akawapigisha magoti ninyi. Sasa umefika mjini umekuta watu wanaosema hazina kazi.

Kama kiwanda kimekuchosha, rudi. Kama kuna mwanamume aliyekuumiza, niambie mimi peke yangu, baba yako hatajua.

Nimekutumia chipa, vimkate vya jibini nilivyooka mwenyewe, kwa basi la Alhamisi. Zipashe moto, usizile baridi kama mtu asiye na mama.

Mama yako,
Eusebia


Bajo Flores
10 Februari 2019

Mama mpendwa,

Naomba baraka yako. Chipa zilifika, nimezipasha. Natumaini goti limetulia na ndama ananyonya vizuri.

Sikujua habari ya mahindi. Nimekaa na barua yako wiki nyingi kwa sababu hiyo. Nilikuwa nikiuliza goti kama mtu anavyouliza hali ya hewa, na hukuwahi kutuambia. Samahani, mama. Mwalimu yule angekuwa hai ningepanda basi nikamwulize meza yake ni mke wa nani.

Lakini fikiri na wewe. Ulimjibu kwamba meza ni meza. Ulikuwa na miaka saba na ulimjibu sawasawa. Mimi nakwambia hilohilo: Cruz ni Cruz. Nilipokuwa mdogo ukinipigia kelele kutoka uani, ulisema «che memby», mwanangu, njoo ule. Neno hilo halina o wala a. Halikukwambia mimi ni nani kati ya hao wawili, na nilikuja mbio. Sitaki zaidi ya hapo. Nataka tu Kihispania kinifanyie kile ambacho mdomo wako ulikuwa ukinifanyia bila shida yoyote.

Hakuna mwanamume aliyeniumiza. Nimekata nywele, fupi kabisa. Don Gumersindo, mkubwa wetu kiwandani, aliponiona akasema: "Haya, kuanzia leo nikuite kijana au binti?" Nikamwambia: "Niite Cruz, na uniondolee hizi zipu mbovu mezani." Ameniita Cruz hadi leo, na zipu bado zipo.

Nikija Krismasi nitakuja hivi nilivyo. Mwandae baba.

Hije wako,
Cruz


Yuty
28 Aprili 2019

María Cruz,

Mungu akubariki. Siku yako ya kuzaliwa ni Ijumaa, siku ya Msalaba Mtakatifu. Kama kila mwaka tutapamba msalaba uani kwa chipa, na moja nitakutundikia wewe. Sisi wazima, ila baba yako anapumua kwa taabu asubuhi.

Barua yako ya Februari aliiona kabla sijaificha. Aliisoma amesimama mlangoni, kofia kichwani. Unamjua, kusoma kwake ni kwa midomo. Alipomaliza akaikunja vizuri, akaniuliza: "Hizi nywele kazikata kweli?" Nikamwambia ndiyo. Akavua kofia, akala chakula cha mchana. Halafu akasema: "Akija Krismasi aje na sketi. Kama hana sketi asije, sitaki Ña Blásida wa jirani apate la kuhadithia." Akaenda shambani, na siku hiyo alibeba magunia mengi kuliko siku zote.

Mimi nimo katikati yenu. Usinifanyie hivyo.

Na hilo la Kiguarani usinirudishie tena. Kiguarani ni cha uani, cha kuku, cha kulia na kugombana. Barua ni barua. Nikiandika, naandika kama nilivyofundishwa, maana anayeandika vibaya watu humdhania mjinga, na mimi mjinga nimeshaitwa vya kutosha.

Vaa sketi siku tatu tu. Ukirudi Buenos Aires vaa unavyotaka, nani atakuona.

Mama yako anayekupenda,
Eusebia


Bajo Flores
19 Juni 2020

Mama,

Naomba baraka yako, na nakupa pole, na nakukumbatia kwa barua hii kwa kuwa sina namna nyingine.

Felicita aliponipigia nilikuwa nashona barakoa, sote kiwandani tulikuwa tunashona barakoa. Alisema moyo wa baba ulisimama akiwa ameketi kwenye gogo lake, kikombe mkononi. Nilikwenda kituo cha mabasi nikiwa na begi. Askari akaniambia mpaka umefungwa, hakuna basi la Paraguay. Nikamwambia baba yangu amekufa. Akasema: "Na wa kwangu pia, wiki iliyopita, na sikwenda." Tukakaa pale mimi na yeye, kila mtu na barakoa yake, mpaka mkubwa wake akamwita.

Krismasi ile sikuja kwa sababu ya sketi. Nilidhani baba ana miaka mingi ya kukasirika.

Nimeshona kitambaa cha msalaba wake, kile cha kumwekea kaburini. Malori ya soya ndiyo pekee yanayovuka, kwa hiyo binamu Hermenegildo atakuletea. Ni kitani cheupe na lesi pande zote. Jina lake nimelidarizi kwa uzi wa zambarau, na chini yake nimeweka: kumbukumbu kutoka kwa mkeo na watoto wako. Watoto nimeandika «hijes». Nilifikiri sana, mama. Niliona kwamba kama sikuweza kusimama pale kaburini, basi neno langu lisimame.

Usilale na njaa. Felicita akae nawe.

Cruz


Yuty
30 Julai 2020

Mwanangu,

Mungu akubariki. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mjane. Watu wamekuja kusali wachache wachache, wamekaa mbalimbali uani, hata kilio kilikuwa cha mbalimbali.

Kitambaa kilifika siku ya nane kati ya siku tisa za sala. Sijaona kazi nzuri kama ile. Hermenegildo alikishika kama anashika mtoto mchanga. Felicita alilia.

Sasa nitakuambia nililofanya, maana najua mtu atakutumia picha na sitaki uyapate kwa mwingine.

Nilifumua herufi moja. Kesho yake kitambaa kilikuwa kipelekwe makaburini, na kijiji kizima kingepita pale na kusoma. Baba yako alikuwa hapo amelala, hawezi kujibu, na Ña Blásida angesoma kwa sauti na kuuliza ni kosa au ni nini. Nikakaa mlangoni kwenye mwanga, nikachukua sindano. Ulishona kwa kurudia mara mbili, kwa hiyo ilichukua asubuhi nzima. Niliitoa ile e nikaweka a, kwa maana tuna watoto wawili, wote wa kike. Uzi wa zambarau sikuwa nao, nikatumia mweusi. Mkono wangu si kama wako na inaonekana.

Nilimfanyia baba yako, si kwa ajili ya kukuumiza. Alikufa bila kukubali, na sikuweza kumkubalisha akiwa maiti.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mama yako,
Eusebia


Bajo Flores
21 Agosto 2020

Mama,

Barua yako imefika. Natumaini u mzima.

Kwa hiyo pale kaburini kwa baba yupo Felicita mara mbili. Mimi sipo.

Cruz


Yuty
3 Mei 2021

Binti yangu,

Mungu akubariki, leo siku yako. Nimeandika Desemba, nimeandika Februari. Felicita anasema namba yako haipokei. Hermenegildo alipita hapo kwako na lori akasema uko hai, unashona, umekonda. Basi nashukuru kwa hilo.

Chipa yako imetundikwa msalabani kama kila mwaka. Ndege wameidonoa, sikuwafukuza.

Mama yako


Yuty
16 Agosto 2022

Cruz,

Mungu akubariki. Hatujambo. Felicita amehamia kwangu kabisa, anasema ni kwa ajili ya goti langu, lakini nadhani ni kwa sababu nasahau sufuria motoni.

Nimeanza barua kwa jina lako peke yake, bila kitu mbele wala nyuma. Ilinichukua karatasi mbili.

Wiki iliyopita Ña Blásida alikuja kunywa tereré, chai yetu ya maji baridi. Redio ilikuwa inazungumza habari za hao wa Buenos Aires wanaobadilisha maneno, kwamba walimu wamekatazwa kusema hivyo darasani. Ña Blásida akasema: "Afadhali. Wale ni wendawazimu, hawajui hata kama wana matiti." Mimi nilikuwa namimina maji. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Mmoja wao ni wangu." Nilisema kwa Kiguarani. Akaacha kunywa. Akauliza: "Wako nani?" Nikamwambia: "Wangu niliyemzaa mimi, na kama kikombe umemaliza nirudishie." Hajarudi tangu siku hiyo, na sijamkosa sana.

Najua hilo halitoshi. Kusema uani kwa mtu mmoja si sawa na kitambaa kilichosomwa na kijiji kizima.

Kuna neno nataka kukuambia lakini kuliandika siwezi. Nimejaribu. Kila nikifika pale mwisho wa neno mkono unasimama, naona mahindi. Mimi ni mzee, Cruz, na nimekuwa nikiogopa kuandika vibaya kwa miaka zaidi ya hamsini. Njoo nikuambie kwa mdomo. Njoo na suruali, njoo na nywele zako fupi, njoo unavyotaka. Mabasi yanavuka siku hizi.

Nijibu japo mstari mmoja, nijue kama nikusubiri.

Mama yako,
Eusebia


Yuty
6 Novemba 2022

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Naandika mimi Felicita, kwa kuwa simu yako haipokei na sijui kama ni mimi pia umeninunia. Kama umeninunia, ninunie baadaye.

Mama alipigwa na kiharusi tarehe ishirini na mbili Oktoba, asubuhi, akiwa anawatupia kuku mahindi. Tulimpeleka hospitali, amerudi nyumbani. Mkono wa kulia hauna nguvu lakini anatembea kwa kushika ukuta. Anakula.

Kilichoondoka ni Kihispania. Nilidhani ni uchovu, lakini daktari anasema hutokea: lugha aliyojifunza baadaye inaondoka, ile ya kwanza inabaki. Chote kimeondoka. Padri alikuja akamsalimia kwa Kihispania, mama akanigeukia akaniuliza kwa Kiguarani huyu bwana mgeni anataka nini. Kusoma pia kumeondoka. Barua zako za zamani anazishika, anazigeuza juu chini, anazirudisha kwenye kopo la bati.

Anaongea Kiguarani tu, kile cha utotoni, na maneno mengine hata mimi siyajui. Wakati mwingine ananichanganya na shangazi.

Kabla ya hapo alikuwa akinituma kituo cha basi kila Alhamisi kuuliza kama umejibu ile barua ya Agosti. Sikulaumu. Nakuambia tu.

Njoo.

Dada yako,
Felicita


Bajo Flores
12 Februari 2023

Dada Felicita,

Natumaini mko wazima nyote wawili na mvua imepunguza joto. Mimi nilifika salama. Nilikaa mbele kwenye basi, karibu na dereva, kwa kuwa sikutaka mtu wa kuzungumza nami.

Asante kwa kunipokea bila maswali. Kuna jambo hukuliona, na lazima nikuambie, maana nina ombi.

Siku niliyofika, ulimwona mama alivyonishika kichwa. Alinipapasa nywele dhidi ya uelekeo wake, kama anavyopapasa ndama, akasema: "Umetoka juani, che memby, kaa." Wewe ulikwenda kuleta maji. Mimi nilikaa nikalia, naye akaniambia nile. Kwa siku ishirini aliniita hivyo. Asubuhi che memby, mchana che memby. Nilivaa suruali zangu, nilimwogesha, hakuuliza kitu. Nikajiambia basi, yameisha. Miaka minne tumepigana kwa karatasi, na sasa yamekuja yenyewe bila mtu kuyaita.

Lakini moyoni, dada, nilijua halikuwa jibu. Hakulichagua neno lile. Ndilo pekee lililobaki. Mimi nilitaka aniambie kwa lugha ileile aliyonikatalia.

Siku moja kabla sijaondoka, ulipokwenda sokoni, nilikuwa namkata kucha. Akanitazama vizuri, macho yake yale ya zamani, akaniuliza: "Na memby kuña, yule binti yangu wa Buenos Aires, yule anayeshona, hajaandika?" Nilishtuka. Nikamuuliza: "Na mimi ni nani, mama?" Akanipigapiga mkononi kama mtu anavyomtuliza mgeni. Akasema: "Wewe ni mwanangu, wewe upo. Namuuliza yule ambaye hajajibu."

Nikamwambia ataandika.

Ile barua yake ya Agosti iko hapa mezani. Niliipokea, dada. Niliipokea Septemba mwanzoni. Niliisoma, nikafurahi, na nikaiweka. Nilitaka asubiri kidogo, aonje. Nilikuwa nimepanga kutokea Krismasi mlangoni bila kusema. Nilimwadhibu miezi miwili, na hiyo miwili ndiyo iliyokuwa imebaki. Neno alilotaka kuniambia kwa mdomo sitalijua tena. Labda lilikuwa lile, labda lilikuwa lingine kabisa, labda alitaka tu kuniomba niache. Nimeligeuza kila upande.

Ombi langu ni hili. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya kumsomea mama. Nimeiandika kwa Kiguarani, mara yangu ya kwanza, na kama nimekosea mahali usiniambie. Msomee wakati amekaa, asubuhi, akiwa amekula. Usimwambie ni mimi. Mwambie imetoka kwa yule.

Usiniulize kama inauma. Inauma. Lakini mimi alinikata kiu ya miaka kwa siku ishirini, na yule mwingine bado anasubiriwa.

Mdogo wako,
Cruz


Buenos Aires
12 Februari 2023

Mama yangu,

Naomba baraka yako, mikono nimeikunja kifuani. Goti lako halijambo? Unakula vizuri? Kuku wanataga?

Nisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Barua yako niliipata. Sikuwa mgonjwa na sikuwa na hasira. Kazi ilikuwa nyingi, nikawa nasema kesho, kesho. Sasa nimejibu, kwa hiyo usimtume tena Felicita kituoni kwenye jua.

Huku bado nashona. Mwezi huu tunashona aproni za watoto wa chekechea, nyeupe, vifungo vinne nyuma. Nimekonda kidogo lakini nakula. Nimekusamehe jambo lile, kama bado unalifikiria. Na wewe nisamehe yangu.

Mama, kuna mtu alikuja kukaa nawe Januari, akakukata kucha. Aliniambia ulimpokea vizuri sana. Namfahamu mtu huyo, tumeishi pamoja miaka yote. Mimi huenda nisiweze kuja, huku ni mbali na mambo ni mengi. Lakini yeye atakuja tena mwezi wa Mei, na Desemba, na kila atakapopata nafasi. Akifika usiulize habari zangu, mimi ni mzima. Mwite kama ulivyomwita, na umwambie akae.

Binti yako,
María Cruz